Sinki Linalocheza Ukutani

Sinki la kunawia likianza kucheza ukutani, wengi wetu hukimbilia kile kinachoonekana: lipu iliyomeguka. Tunapaka jasi, tunapitisha rangi, tunasema kazi imekwisha. Haijaisha. Lipu haimeguki yenyewe; husagwa na skrubu iliyolegea kila mtu anapoegemea sinki. Litazame tundu la skrubu kwa karibu: fisha ya plastiki inazunguka pamoja na skrubu, na mchanga umemwagika sakafuni. Zaidi ya hapo, jasi hulainika ikilowa, kwa hiyo bafuni haidumu. Maji hupenya nyuma ya rangi, ukuta hufura, na bomba linalovutwa huku na huku huanza kuvuja kwenye maungio.

Kuna atakayesema fundi ni gharama, au nyumba si yake. Ni kweli, lakini fisha mpya na skrubu ndefu ni nafuu kuliko sinki lililoanguka na kumjeruhi mtoto, na mpangaji anaweza kumjulisha mwenye nyumba mapema. Wala kuficha alama si kosa. Kosa ni kuanza na kuficha. Sinki litolewe, lipu legevu ibanduliwe, tundu lijazwe saruji na mchanga, likauke vizuri, ndipo litobolewe upya. Silikoni na rangi huja mwisho. Leo kabla hujatoka, litikise sinki lako kidogo. Likicheza, usilipake rangi, lifungue ulitengeneze.