Nakala Moja, Kabati Moja

Mapema mwaka 1977 wasanii wa Uganda walikwenda Lagos kwenye tamasha la FESTAC, wakaonyesha mchezo wa nyimbo wa Kiganda, Oluyimba lwa Wankoko. Mtunzi wake alikuwa Byron Kawadwa, kiongozi wa Jumba la Taifa la Maigizo mjini Kampala. Muziki ulitungwa na Wassanyi Serukenya. Muda si mrefu baada ya kurudi, watu wa usalama walimkamata Kawadwa wakamuua. Rais wa wakati huo, Idi Amin, alikuwa mtu wa kwetu Koboko. Basi sisi wa huku hatuwezi kukisimulia kisa hiki kana kwamba ni cha watu wa mbali.

Dalili za hatari zilikuwepo. Mwaka 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alitolewa mahakamani, asirudi tena. Mwaka huohuo Frank Kalimuzo, mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere, akatoweka. Februari 1977 akauawa Askofu Mkuu Janani Luwum. Hatari ya roho kila mtu aliiona. Hatari ya kazi za sanaa ni rahisi kuisahau. Mchezo wa nyimbo si maneno ya kwenye karatasi tu: kuna mahali ngoma husubiri, kuna sauti ya kuitikia, kuna hatua ambazo mwalimu huzionyesha kwa mwili wake. Akiondoka bila kurekodiwa, mengi huondoka naye.

Tazameni kanda za Klaus Wachsmann, aliyesimamia Jumba la Makumbusho la Uganda na kurekodi muziki sehemu nyingi za nchi tangu mwishoni mwa miaka ya 1940. Nakala zake ziliwekwa London. Uganda ikapita vitani, nazo zikabaki, na baadaye Makerere ikapokea nakala za kidijitali. Kilichoziokoa ni kuwekwa mbali na vita.

Sisi je? Oktoba 1980, vita vilipotufikia, watu wa Arua na Koboko walikimbilia Sudan na Zaire na watoto mgongoni. Nani angekumbuka kubeba sanduku la kanda? Hata leo kaseti za kwaya na maigizo ya kanisani hukaa kabati moja, ufunguo kwa mtu mmoja, na mimi nawe twasema tutazishughulikia baada ya mavuno. Wakati huohuo kanda kuukuu ya redio inanuka siki, nyingine inalia ikizunguka na kuacha unga wa kahawia kwenye kichwa cha mashine, nyingine ina ukungu mweupe. Hizo si dalili za uzee tu, ndugu zangu. Ni kanda inayokufa. Msiijaribu kwenye redio mbovu, ipelekeni kwa fundi anayeijua kazi hiyo. Kaseti iliyo nzima vunjeni vile vipande viwili vya plastiki ukingoni, mtu asirekodi juu yake. Tengenezeni nakala, moja ibaki Koboko na nyingine iende Arua au Kampala. Na mzee aliyeimba humo aketishwe mwaka huu, ataje nani anaongoza na nani anaitikia.