Nyumba Mpya na Haki ya Jirani

Mtu ajengaye nyumba hufikiri kwanza mahali pa kukaa na wageni, kisha vyumba vya kulala, kisha jiko. Bafu na choo huja mwisho, navyo hupewa pembe iliyosalia. Desturi hii ni kinyume cha akili. Sebule yaweza kubadilishwa kwa kuhamisha viti, lakini shimo likisha kuchimbwa, na bomba likisha kulazwa chini ya sakafu, kosa la siku moja huwa urithi wa watoto. Tena hapa pana swali kubwa kuliko ufundi. Bafu na choo ni sehemu ya nyumba ambayo kazi yake ni kutoa nje tusichokitaka ndani. Kitu hicho kikisha kutoka kwangu, chaenda kwa nani? Na mtu aliye safi kwa kumchafua mwenziwe, je, astahili kuitwa safi?

Na tuchukue mfano wa mtu ajengaye Tabora, katika Isevya, Ng'ambo au Cheyo. Akiwa mwangalifu, atatimiza kwanza wajibu wake kwa watu wa nyumbani. Ataweka choo mbali na jiko, na bafu karibu na chumba cha mzee, lenye mlango mpana na sakafu isiyoteleza, kwa sababu uzee ni mgeni asiyebisha hodi. Akiwa Mwislamu, au akitarajia wageni Waislamu, ambao ni wengi katika mji ule, atakumbuka kibla. Kutoka Tabora, Makka iko kaskazini, kwa kuelekea kidogo mashariki. Basi choo kitaelekezwa mashariki au magharibi, ili akitumiaye asiikabili kibla wala asiipe mgongo.

Kisha atahesabu maji. Tabora ni nchi ya kiangazi kirefu. Kwa miaka mingi mji ulitegemea bwawa la Igombe, na katika miaka ya karibuni maji ya Ziwa Victoria yameletwa kwa bomba kupitia Nzega. Hata hivyo, bomba lolote laweza kukauka. Choo cha kuvuta chenye tangi la lita 9, kikivutwa mara nne kwa siku na mtu mmoja, hutumia lita 36, yaani karibu ndoo mbili za lita 20. Nyumba ya watu sita yahitaji zaidi ya ndoo kumi kwa choo peke yake. Siku bomba likikauka, nani atazichukua kichwani? Aghalabu si yule aliyekichagua choo. Choo cha kuchuchumaa, ambacho humwagiwa lita mbili au tatu tu, si alama ya unyonge. Chaweza kuwa alama ya huruma kwa binti wa nyumba.

Hayo yote ni wajibu ulio ndani ya ukuta, na watu wengi huutimiza kwa mapenzi. Mtihani uko nje ya ukuta. Wakati wa kiangazi upepo wa Tabora huvuma zaidi kutoka mashariki. Fundi mwerevu atashauri choo kiwekwe upande wa magharibi, ili harufu ichukuliwe na upepo isiingie nyumbani. Ni shauri jema, lakini magharibi yangu ni mashariki ya jirani. Kadhalika, kanuni ijulikanayo ni kwamba shimo la choo liwe mbali na kisima kwa mita 30 au zaidi, tena liwe upande wa chini wa mteremko. Katika kiwanja cha mita 20 kwa 30, umbali mkubwa kupita wote, kutoka pembe hadi pembe iliyoikabili, ni mita 36 tu. Basi mwenye kiwanja akichimba kisima pembe hii na shimo pembe ile, ameitii kanuni kwa ajili yake mwenyewe, na huenda ameweka shimo hatua tano kutoka kisima cha mwenziwe. Jirani naye akifanya vivyo hivyo, kila mmoja ni mtiifu, na wote wanywa uchafu.

Njia ya misafara, iliyotoka Bagamoyo na kupita Ugogo hadi Tabora, kisha Ujiji, iliijua hatari hii. Burton na Speke, waliofika Unyanyembe mwaka 1857, waliikuta ni kituo kikubwa cha wafanya biashara na wapagazi. Msafara ulilala kambini karibu na maji, ukaondoka asubuhi, na msafara uliofuata ukayanywa maji yale yale. Daktari James Christie, aliyekuwa Unguja wakati wa kipindupindu cha 1869 na 1870, alichapisha mwaka 1876 kitabu kilichoonyesha jinsi ugonjwa ule ulivyofuata njia za biashara. Watu wana msemo usio na haya ya maneno, lakini una adabu ya maana: usinyee kambi, huenda ukarudi. Ni onyo zuri, lakini halijafika mwisho wa adili, maana humtisha mtu kwa faida yake mwenyewe. Je, asiyerudi ana ruhusa? La. Wajibu wangu hautoki katika kurudi kwangu. Watoka katika kuwako kwa yule ajaye baada yangu.

Mwenye nyumba aweza kujibu, "Kiwanja ni changu, na hati ninayo." Ni kweli; lakini hati humpa ardhi iliyo baina ya mawe ya mpaka, na maji yapitayo chini hayayajui mawe yale. Mjini London, mwaka 1854, Daktari John Snow alionyesha kuwa watu waliokufa kwa kipindupindu karibu na Broad Street walikuwa wamekunywa maji ya pampu moja. Uchunguzi wa mwaka uliofuata ulikuta shimo bovu la nyumba ya jirani, chini ya mita moja kutoka kisima kile. Shimo lilikuwa na mwenyewe. Vifo vilikuwa vya mtaa mzima.

Nani basi ampishe mwenziwe? Naona haki ina sehemu mbili. Aliyekuja nyuma akakuta kisima, shimo lake ndilo lihame, hata kama bomba litakuwa refu na gharama kubwa. Na aliyetangulia kuchimba shimo, hata likiwa limefukiwa na kusahauliwa, hana budi kusema kweli siku jirani atafutapo mahali pa kisima. Kunyamaza ni kumtilia sumu kikombeni. Na penye viwanja vidogo, majirani na waafikiane, visima viwe upande mmoja na mashimo upande mwingine.

Kwa hiyo mchoro wa nyumba usikamilishwe mezani kwa fundi. Mwenye nyumba na auchukue mpaka uani kwa jirani, amwonyeshe mahali pa shimo kabla jembe halijagusa ardhi, naye aulize la mwenziwe liko wapi. Methali yasema nyumba njema si mlango. Wala si bafu jeupe, ikiwa jirani hawezi kunywa maji ya kisima chake.