Ardhi ya kijiji na haki ya wasiozaliwa

Jamaa mmoja alinijia na "habari njema": kuna ekari kumi za pori la kijiji, mkoa wa Pwani, bei ya kutupa, na mwenyekiti yuko tayari kugonga muhuri. Nikamuuliza, "Mkutano wa kijiji umekaa?" Akacheka. "Ustadhi, wanakijiji wanajua nini?"

Nakiri, nafsi ilitamani. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iko wazi: Halmashauri ya Kijiji haigawi ardhi bila idhini ya Mkutano wa Kijiji. Na kabla ya sheria hiyo, Allah (S.W.) katika Surat Ash-Shura, aya ya 38, amewasifu wanaoendesha mambo yao kwa kushauriana.

Lilipokuja suala la ardhi ya Iraq, baadhi ya Masahaba, akiwemo Bilal (R.A.), walitaka wagawiwe wapiganaji. Sayyidna Umar (R.A.) alishauriana na watu, kisha akaiacha mikononi mwa wakulima wake, walipe kharaji. Hoja yake ilikuwa kwamba wakigawana yote, watakaokuja baadaye hawatakuta kitu.

Hapo ndipo penye swali letu sisi watu wa mjini. Anayeuza ameridhia, anayenunua ameridhia. Je, mama anayeokota kuni pale, na mtoto ambaye hajazaliwa, nani amewauliza? Ridhaa ya wawili haihalalishi haki ya wa tatu.

Nimemjibu jamaa yangu: mkutano uitishwe kwanza, na akina mama wawepo. Wakikataa, basi. Kaburini futi sita zinatutosha.

Wallahu aalam.