Nyimbo mbaya kuliko zote: Nani alizikaribisha harusini kwetu?

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na Maswahaba zake.

Ndugu Waislamu, upo mjadala unaopendwa sana na vijana wetu katika vijiwe vya Korogwe na Handeni. Wanabishana: katika nyimbo zilizotamba kati ya mwaka 2010 na 2019, upi ulikuwa mbaya kuliko zote? Mmoja hutaja wake, mwenzake huukataa kwa kuwa anao mbaya zaidi. Huadhiniwa Alasiri, ikaswaliwa na watu wakatoka msikitini, na kikao hakijafikia muafaka.

Hapana ubaya mtu kuchukia kibaya. Kuchukia munkari kwa moyo ni sehemu ya imani. Lakini tujiulize, ubaya huu unapimwa kwa mizani gani? Ukisikiliza kwa makini utagundua kuwa wimbo unahukumiwa kwa sababu biti yake ni mbovu, au kiitikio kinachosha, au mwimbaji hana sauti. Ama ule wenye maneno machafu kabisa, lakini mdundo wake ni mtamu, unasalimika. Wengine huuweka katika orodha ya nyimbo bora! Huo ndio msiba wenyewe, kwamba sikio limefundishwa kusamehe uchafu madhali umepikwa vizuri.

Mizani ya Uislamu ni nyingine. Ni kweli wanazuoni wamekhitilafiana kuhusu ala za muziki. Wapo walioharamisha, na wapo kama Ibn Hazm walioona kuwa dalili za kuharamisha hazikuthibiti. Lakini hakuna hata mmoja katika pande hizo aliyehalalisha maneno ya zinaa, matusi na kumvua mwanamke heshima yake. Hapo hakuna khitilafu. Katika Surat Luqman, aya ya 6, Allah (s.w.) anawaonya wale wanaonunua maneno ya upuuzi ili kuwapoteza watu na njia yake. Na katika Surat An-Nur, aya ya 19, wanaopenda uchafu uenee kwa waumini wameahidiwa adhabu iumizayo hapa duniani na kesho Akhera. Tuzingatie kuwa aya hii imemgusa hata anayependa tu uenee.

Wapo watakaosema kuwa hii ni kazi ya Serikali. Serikali ilijaribu. Mapema mwaka 2018 mamlaka zilipiga marufuku nyimbo zaidi ya kumi zisichezwe redioni na kwenye televisheni. Novemba mwaka huo huo, Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) liliufungia wimbo uitwao 'Mwanza' wa Rayvanny na Diamond Platnumz kwa kukosa maadili. Wasanii hao waliuimba tena jukwaani, na Desemba wakafungiwa kufanya maonyesho. Januari 2019 adhabu hiyo ikaondolewa. Jina la wimbo nimelitaja kwa kuwa ni habari iliyotangazwa, lakini maneno yake siyarudii. Kila ulipotangazwa kufungiwa, asiyeujua aliutafuta kwenye simu yake. Basi tusitarajie kuwa barua ya BASATA itafunga mlango ambao sisi wenyewe tunaufungua.

Na mlango huo ni upi? Ni harusi zetu. Nikaha inafungwa msikitini, sheikh anasoma khutba, dua inaombwa, watu wanakula pilau. Ikifika usiku, nyumba ile ile inafungiwa spika, na zile nyimbo ambazo kijiweni zinaitwa mbaya ndizo zinazoitwa za kuchangamsha. Watoto wa madrasa, ambao asubuhi walisoma Juzuu Amma, wanasimama katikati wakicheza, na shangazi zao wanawatuza noti. Spika zile zimelipiwa na nani? Ni michango ya kamati ya harusi, yaani mimi na wewe. Mtoto aliyetuzwa kwa kukata kiuno akiwa na miaka saba, akifika kumi na tano tutamkemea kwa hoja gani?

Dini yetu haikukataza furaha. Imepokewa katika Sahih Bukhari kuwa Bi Aisha (r.a.) alimpeleka bibi harusi kwa mume wake wa Kiansari, na Mtume (s.a.w.) akauliza kama kulikuwa na cha kuwaburudisha, kwani Maansari hupenda hayo. Sisi watu wa mkoa wa Tanga tuna dufu, tuna kasida, tuna zefe la kumsindikiza bwana harusi. Hata katika muziki wa vijana, Wagosi wa Kaya kutoka hapa Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 2000, walitamba kwa wimbo wao 'Wauguzi' uliosema kero za wagonjwa hospitalini. Kwa hiyo hoja ya kwamba bila uchafu wimbo hauchezeki ni hoja dhaifu.

Kuna jambo jingine katika mjadala huu. Anayethibitisha kuwa wimbo fulani ni mbaya hulazimika kuyasema maneno yake, na mara nyingi huyaimba, huku wadogo wamekaa pembeni wanasikiliza. Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kuwa umma wake wote utasamehewa isipokuwa wanaoyadhihirisha maovu yao. Wimbo uliokwisha kusahauliwa, kwa nini tuufufue?

Nawausia haya. Kamati ya harusi imwambie mpiga muziki, kabla ya kumpa malipo ya awali, nyimbo zipi hazitapigwa, na sharti hilo liandikwe. Wazazi wasimtuze mtoto kwa kucheza machafu. Walimu wa madrasa tuwafundishe watoto kasida wanazoweza kuziimba wakiwa nyumbani, maana mdomo wa mtoto haukai mtupu. Na vijana wa vijiweni, mkibishana tena, ulizaneni swali jepesi: wimbo huu naweza kuusikiliza nikiwa nimekaa na mama yangu? Jibu litamaliza ubishi kabla ya adhana.

Tukumbuke Surat Al-Israa, aya ya 36, kuwa masikio, macho na moyo, vyote hivyo vitaulizwa. Hatutaulizwa wimbo upi ulikuwa mbaya kuliko zote. Tutaulizwa tulisikiliza nini, na tuliwasikilizisha nini watoto wetu.

Ewe Mola wetu, zitakase nyumba zetu na uzibariki ndoa zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.