Sketi Fupi, Nywele Ndefu na Haya ya Muislamu



Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu wa kiume na wa kike katika imani, kila Ijumaa wengi wetu tunasoma Suratul Kahf, na katika aya ya 13 kuna neno tunalolipita haraka. Allah anapowataja watu wa pangoni anawaita vijana. Hawakuwa wazee wa mji. Walikuwa vijana walioyakataa maisha ya watu wao, wakaacha nyumba na starehe, wakaondoka. Na Mola wao akawasifu, kwa kuwa waliondoka kumwendea Yeye.

Nimeanza na hao kwa sababu nataka kuzungumzia vijana wengine walioondoka majumbani kwao, ambao mimbari zetu huwataja kwa kejeli tu. Hao ni mahipi.

Katika kiangazi cha 1967, vijana wanaokadiriwa kufika 100,000 walimiminika katika mtaa wa Haight-Ashbury, mjini San Francisco, Marekani. Wengi walikuwa watoto wa watu wenye uwezo, nyumbani kwao kuna gari, friji na ada ya chuo. Nchi yao ilikuwa inapigana vita Vietnam, na vijana wa rika lao walikuwa wakichukuliwa jeshini kwa lazima. Walipoitazama dunia ya wazazi wao waliona mali nyingi, na hawakuona mali hiyo ni ya nini. Wakafuga nywele, wakavaa matambara kwa makusudi, wakaitafuta amani katika bangi, LSD na zinaa iliyopewa jina la mapenzi huru. Kuuliza kwao sikulaumu. Anayeuliza tumeumbwa kwa ajili ya nini ameuliza swali ambalo Qur'ani yenyewe inamtaka aulize. Lakini jibu walilolishika liliwaangamiza wengi, na mtaa ule ule wa maua na nyimbo haukuchukua muda ukajaa walevi wa heroini.

Wako walioendelea kutafuta. Daniel Moore, mshairi wa kule California aliyeongoza kikundi cha michezo ya kuigiza mjini Berkeley, alisilimu mwaka 1970 akaitwa Abdal-Hayy. Cat Stevens, mwimbaji wa London aliyekuwa kipenzi cha kizazi hicho, alipewa tafsiri ya Qur'ani na kaka yake, na mwaka 1977 akaingia katika Uislamu. Leo tunamjua kwa jina la Yusuf Islam. Najiuliza wangapi wangefika mlango huo huo kama wangemkuta mtu wa kuwafungulia.

Upepo huo ulivuma mpaka kwetu. Lamu, mji wa Msikiti wa Riyadha na Maulidi, ukawa kituo cha mahipi kutoka Ulaya na Marekani. Sketi za mini zilizotoka London zikaonekana Dar es Salaam, Nairobi na hapa Kampala, pamoja na suruali pana miguuni ambazo watu wa pwani waliziita bugaluu. Wakubwa wakashtuka. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ya kupiga marufuku mini, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua kuanzia Januari 1969. Hata tarehe haijafika, wanawake walikuwa wameshashambuliwa Kariakoo.

Na Kampala? Hapa naomba tuvumiliane, maana jambo hili linatugusa sisi kuliko wengine.

Mwaka 1972 Idi Amin alitoa amri ya kuzuia sketi fupi. Amin alikuwa Muislamu, na mwaka huo huo ndipo lilipoundwa Baraza Kuu la Waislamu wa Uganda. Msikiti Mkuu wa Old Kampala, uliokuja kumalizika kwa fedha za Libya, asili yake ni enzi zake. Hatuwezi kujifanya hatumjui. Bado wapo wazee wetu wanaosema, "Angalau yule aliwavalisha wanawake nguo." Nimeyasikia maneno hayo zaidi ya mara moja, na yanasemwa kana kwamba ni hoja ya dini.

Basi tuitazame kwa jicho la dini. Ili askari aitekeleze amri ya kupima sketi, lazima asimame barabarani ayatazame mapaja ya wanawake wapitao. Suratun Nur, aya ya 30, inaanza kwa kuwaamrisha waumini wanaume wainamishe macho yao na wahifadhi tupu zao. Amri kwa wanawake inafuata katika aya ya 31. Ile amri ya 1972 ilimlipa mwanamume mshahara kwa kufanya alichokatazwa katika aya ya kwanza, kisha ikajiita ulinzi wa maadili. Na serikali iliyokuwa na uchungu mkubwa juu ya goti la mwanamke ndiyo ambayo Septemba 1972 watu wake walimkamata Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka katika Mahakama Kuu, na mwezi uliofuata wakamchukua Frank Kalimuzo, mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere. Hakuna aliyerudi. Damu ya mtu kwa Allah ni nzito kuliko upindo wa nguo, na asiyejua kupanga hayo mawili hafai kuwa mwalimu wetu wa haya.

Msiseme hayo ni ya zamani. Februari 2014 Rais Museveni alitia saini Sheria ya Kupinga Ponografia. Mini haikutajwa humo, lakini mitaani watu waliiita sheria ya mini, na wanaume wakajipa kazi ya kuwavua nguo wanawake hadharani, hapa Kampala na miji mingine. Polisi ikabidi itoe onyo. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vikuu vya sheria hiyo. Hebu tafakari: mtu anamlaumu mwanamke kwa kuonyesha mguu, kisha anamwacha uchi mbele ya umati! Na mimi naamini katika makundi yale hawakukosekana wenye majina kama yangu na yako.

Atasema ndugu, je, kuamrisha mema na kukataza mabaya tukuache? La, hatukuachi. Stara ni wajibu, na sitaki mtu anisome akadhani naitetea mini. Lakini kazi hiyo ina adabu zake. Imam Ghazali katika Ihya ameipanga kwa daraja, na kumwelimisha mtu na kumnasihi kwa upole kunatangulia kabla ya ukali. Nabii Musa (A.S.) na ndugu yake walitumwa kwa Firauni wakaamrishwa waseme naye kwa maneno laini. Dada yako wa mwaka wa kwanza amekuwa mbaya kuliko Firauni?

Katika Hija ya kuaga, al-Fadhl bin Abbas alikuwa kijana mzuri wa sura, amepanda nyuma ya Mtume (S.A.W.). Akaja mwanamke wa kabila la Khath'am kuuliza kuhusu kumhijia baba yake mzee. Al-Fadhl akawa anamtazama. Mtume akanyoosha mkono wake, akaugeuza uso wa al-Fadhl upande mwingine, na yule mwanamke akajibiwa swali lake. Mkono uligusa uso wa mwanamume, na mwanamke akaondoka na elimu aliyoijia.

Sasa tuje kwetu. Dada anakuja darsa kwa mara ya kwanza, amevaa jinzi na mtandio uliofungwa vibaya. Amekuja na swali, labda ni lile lile la vijana wa 1967. Mlangoni anapokewa na macho ya akina kaka na minong'ono ya akina dada. Wiki inayofuata haonekani, nasi tunasema dunia imemchukua. Kaka mwenye rasta naye huulizwa kuhusu nywele kabla ya kuulizwa jina.

Imam Ahmad amepokea kwa Abu Umama kwamba kijana mmoja alimwendea Mtume (S.A.W.) akaomba ruhusa ya kuzini. Waliokuwapo wakamfokea. Mtume akamwita asogee, akakaa karibu naye. Akamuuliza kama angelipenda jambo hilo kwa mama yake, kisha binti yake, kisha dada yake, shangazi yake, mama yake mdogo. Kila mara kijana alijibu hapana. Kisha akaweka mkono wake juu yake, akamwombea dua asamehewe, moyo wake utakaswe na tupu yake ihifadhiwe. Wapokezi wanasema baada ya hapo kijana yule hakuelekea tena kwenye jambo hilo.

Wabillahi tawfiq.