Wanaocheka Pembeni Nao Wafundishwe

Kisiwa cha Nkombo kiko ndani ya Ziwa Kivu, wilayani Rusizi, Rwanda. Wenyeji wake ni wavuvi na wakulima, na nyumbani huzungumza Kihavu, lugha ya ndugu zao wa kisiwa cha Idjwi upande wa Kongo. Familia ya Nkombo inapohamia Kamembe kutafuta riziki, mtoto hujulikana alikotoka mara tu anapofungua kinywa darasani. Kicheko huwa hakiko mbali. Kisha anaitwa Mkongo, ingawa Nkombo ni Rwanda.

Hayuko peke yake. Kamembe ni mji wa mpakani: Kinyarwanda, Kiswahili na Kishi cha Bukavu hukutana sokoni kila siku. Zaidi ya hayo, mwishoni mwa 2019 serikali iliamua masomo yafundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la kwanza. Kwa hiyo karibu kila mtoto ana lugha itakayomtega ulimi siku moja, hata yule anayeongoza kucheka.

Wazazi wengi huwa na ushauri wa aina mbili. Wa kwanza, "usiwajali." Wa pili, "mrudishie." Ushauri wowote kati ya huo unamwachia aliyeonewa mzigo mzima, tena akiwa na miaka saba. Kunyamaza huku moyo unauma si jambo dogo, na ngumi humgeuza yeye kuwa mkosaji mbele ya mwalimu.

Utani wenyewe si adui. Watoto wanaotaniana kwa zamu, kila mmoja akijibu na wote wakibaki marafiki, wanajifunza kuishi na watu. Shida huanza pale mmoja anapochekwa kila siku na hana nafasi ya kujibu. Huyo anaweza kufundishwa maneno machache: "Hilo si jina langu." Kisha aondoke kuelekea waliko wenzake, asibaki peke yake. Maneno hayo yafanyiwe mazoezi nyumbani, kwa sauti, maana mtoto hawezi kuyatunga akiwa amezungukwa. Akipigwa, akinyang'anywa vitu au akianza kuogopa shule, jambo hilo si lake tena. Ni la mzazi na mwalimu.

Lakini nguvu ya kejeli iko kwa watazamaji. Nchini Finland, Christina Salmivalli wa Chuo Kikuu cha Turku alichunguza wanaosimama kando mwenzao anapoonewa: wapo wanaochochea, wanaotazama tu, na wachache wanaomtetea. Mpango wa shule uitwao KiVa, uliotokana na kazi hiyo, unawalenga hasa hao wa kando. Mchokozi akikosa wa kumchekea, mchezo hupoa. Na sentensi ya mtetezi ni fupi: "Mwache. Njoo tucheze."

Rwanda ina sababu yake ya kulichukua jambo hili kwa uzito. Wengi waliosoma kabla ya mauaji ya kimbari ya 1994 wanakumbuka walimu wakiwasimamisha wanafunzi darasani, Watutsi kando na Wahutu kando. Tarehe 18 Machi 1997, katika shule ya sekondari ya Nyange, magharibi mwa nchi, washambuliaji wenye silaha waliwaamuru wanafunzi wajitenge hivyo hivyo. Walikataa, wakasema wao ni Wanyarwanda, na baadhi yao wakauawa. Leo wanahesabiwa miongoni mwa mashujaa wa taifa, katika daraja liitwalo Imena. Kicheko cha darasani hakilingani na bunduki hata kidogo. Hata hivyo, uamuzi wa kutomwacha mwenzako ni tabia, na mtoto anaweza kuanza kuijenga akiwa bado anajifunza kuandika jina lake.

Kila kijiji nchini kina umugoroba w'umuryango, yaani jioni ya familia, ambapo familia hukutana na kuzungumzia malezi. Suala hili lipelekwe huko, na walimu waalikwe. Na mzazi anayemuuliza mwanawe leo kama kuna aliyemcheka, aongeze swali la pili: nani mwingine alichekwa, nawe ulifanya nini?