Joho Hili ni la Nani?



Katika halmashauri yetu ya mtaa palizuka ubishi juu ya mchango wa joho jipya. Kila nyumba ilipangiwa kiasi chake, na huo ulikuwa mwezi wa Februari, wakati wengi wetu twanunua maharage kwa kukopa. Mzee mmoja alisema kwamba mkubwa asipovaa hapana ukubwa. Hata wafalme wa zamani wa nchi hizi walijulikana kwa mavazi yao. Mwingine akajibu kwamba wafalme wale ndio waliotufilisi. Mimi nilinyamaza, maana sikujua nani asema kweli. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: vazi la heshima humwambia nini yeye alivaaye?

Tutazame kwanza kwa jirani zetu wa Karagwe. Alama za ufalme zilizotunzwa Bweranyange hazikuwa nguo. Zilikuwa mikuki, sanamu ndogo za ng'ombe wa chuma, na nyundo za mhunzi. Fikirini, nyundo! Chombo cha mtu mwenye masizi usoni ndicho kilichokuwa alama ya mfalme. Huko Rwanda vilevile, kaburi la mfalme Cyirima Rujugira lilipofukuliwa mwaka 1969, alikutwa amelazwa pamoja na nyundo za chuma. Na Burundi, ambako ndugu zetu Wahangaza wa Bugufi wana undugu wa lugha na desturi, alama kuu ilikuwa ngoma, Karyenda. Mimi naona nyundo ile ilimkumbusha mfalme kazi yake: jembe la watu na mkuki wa kuwalinda hutoka hapa. Ngoma nayo haivaliwi. Hupigwa ili watu wasikie.

Baadaye ikaja misafara kutoka pwani, na vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Mwaka 1861 Mwingereza Speke alipita Rusubi, yaani huku kwetu Biharamulo. Mfalme Suwarora alimzuia majuma kadhaa akimtoza hongo ya vitu hivyo hivyo. Alipofika Karagwe alimkuta Rumanyika amevaa joho jeusi la Kiarabu, miguuni ana soksi za shanga za rangi, na mikononi vikuku vya shaba. Mutesa wa Buganda, ambako mwaka 1862 nguo ya heshima ilikuwa ya magome ya mti, alikutwa na Stanley mwaka 1875 amevaa tarbushi na joho, na mshipi wa dhahabu kiunoni. Katika muda wa miaka kumi na mitatu tu! Na misafara ile haikutoa nguo bure. Ilirudi pwani na pembe za ndovu, na watu waliofungwa minyororo.

Hapo ni rahisi kusema kwamba chuma kilikuwa chema na kitambaa kibaya. Nami nilitaka kusema hivyo. Lakini Rumanyika wa joho la kigeni hakutoza wageni kodi, bali aliamuru vijiji viwape chakula kwa gharama ya mfalme. (Chakula hicho kililimwa na nani? Hakika si na mfalme.) Na wenye nyundo nao walipokea ng'ombe za watu. Kwa hiyo hatuwezi kumhukumu mtu kwa kutazama amevaa nini. Yafaa tuulize nani amelipa, na je, mvaaji anajua?

Mwaka 1963 serikali yetu ilipofuta madaraka ya watawala wa jadi, majoho yalibaki nguo kama nguo nyingine, chakula cha mchwa. Vyuma vya Karagwe vilidumu, hata wataalamu wakaja kuvichunguza na kuvipiga picha.

Sasa nirudi kwenye kikao chetu. Walipokuwa wakisema wajane wasamehewe mchango, mjane mmoja aliinuka. Alisema, "Msinisamehe. Mkisha kuninyima kutoa, mmenitoa nje. Nami nataka kumwona mchungaji wetu amependeza siku ya Pasaka, nijue sehemu ya uzi ule ni yangu." Watu walikaa kimya. Nakiri kwamba nilikuwa nimejiandaa kumtetea kwa hoja ambayo yeye hakuitaka. Kumlazimisha maskini kulipia fahari ya mwingine ni dhuluma. Lakini kumwambia maskini kwamba uzuri wa nyumba ya Mungu haumhusu ni dhuluma pia, na hiyo ya pili sisi wazee huifanya kwa huruma.

Basi mimi ningependa orodha ya nyumba isisomwe tena hadharani. Pawe na sanduku mlangoni, mwenye shilingi atie shilingi, asiye nayo apite na heshima yake. Na joho likishonwa liandikwe katika daftari la mali ya kanisa, litundikwe sakristia, mchungaji akihamishwa aliache. Nitayasema haya katika kikao kijacho, lakini nitamwomba yule mama aseme kabla yangu.